Kompyuta ya Baba na Mashine ya Kutarizi

Siku baba alipofariki, mashine ya kutarizi ilikuwa katikati ya kazi. Nembo ya shule ilibaki nusu: ngao imekamilika, maandishi hayajaanza. Asubuhi alilalamika kwamba kifua kinambana, akapelekwa hospitali, hakurudi. Jioni mama alizima kila kitu, akaifunika mashine kwa shuka.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alimbandika jina la Kifungo kwa sababu ya uso wake wa duara. Kazi za nyumba hiyo ziligawanywa vizuri: baba alichora nembo kwenye kompyuta na kuituma kwa kebo, mama aliiongoza mashine, na Kifungo alibadilisha nyuzi.

Wageni wa msiba walipotawanyika, Kifungo alipiga moyo konde akajaribu kutuma mchoro mwenyewe. Kompyuta ilikataa. Programu ilisema haioni mlango wa kebo, pale kebo inapochomekwa. Alichomoa, akachomeka, akabadilisha kebo, akazima na kuwasha. Wapi!

"Acha, mwanangu," mama alisema kwa sauti iliyokauka. "Kesho anakuja mtu kuitazama mashine. Akiipenda, aichukue. Bila baba yako hiki ni chuma tu."

Kifungo alihisi kana kwamba baba anazikwa mara ya pili. Alimkimbilia shangazi yake, dada wa baba, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta.

Shangazi alifika na miwani kichwani. "Haya, tuone. Kompyuta hii ina kiburi kama mwenyewe!" Mama akatabasamu kidogo, kisha akageukia ukutani.

Kompyuta ilitumia mfumo endeshi wa Linux. Shangazi alichomoa adapta ya kebo, akaichomeka tena huku akisoma ujumbe wa mfumo.

"Kebo inaonekana. Mlango upo," alisema. "Ila akaunti hii hairuhusiwi kuutumia. Kifungo, kuna kitu ulibadilisha?"

"Hapana, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Ndivyo nilivyoikuta."

Shangazi aliandika amri nyingine, akainama karibu na kioo. "Akaunti hii ni mpya. Si ya kaka yangu. Mfumo huu hautoi mlango wa kebo kwa kila mtu. Ni lazima uwe kwenye kundi lenye ruhusa. Yeye yumo, wewe humo."

Machozi yakamlengalenga Kifungo, kisha yakamshinda.

"Ukifungua ya baba, anatokea kwenye picha, anacheka, ana uzi sikioni," alisema kwa kwikwi. "Sikuweza. Niliifunika picha kwa kiganja, nikaingia kwa nywila aliyonifundisha, nikajitengenezea yangu. Niliogopa mama ataona nimeikimbia picha ya baba."

Mama alimvuta, akamkumbatia.

"Nami namba yake bado ninayo kwenye simu," shangazi alisema. "Sijaipiga wala sijaifuta. Lakini ruhusa yako inatolewa kwenye akaunti yake tu. Tuingie wote, wifi?"

"Tuingie," mama akajibu.

Picha ilitokea. Hakuna aliyeifunika. Mama alilia bila kuficha uso. Shangazi alimwingiza Kifungo kwenye kundi, kisha akamwambia aingie kwenye akaunti yake upya, kwa sababu ruhusa haianzi kazi kabla ya hapo. Kifungo akatuma mchoro. Mashine ikanguruma.

"Sikiliza," shangazi alisema, akimfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kulia si kosa. Kuogopa picha si kosa. Lakini ukimwita mtu akusaidie, mwambie yote uliyofanya, hata yale yanayouma. Ungeniambia mwanzoni, tusingehangaika na kebo. Na mama yako asingebeba huzuni yake peke yake, nawe yako peke yako."

"Nimesikia, shangazi."

Mama alimpigia simu yule mnunuzi, akamwambia asije.

Siku hizi Kifungo hutuma michoro akitoka shule, na mama ndiye anayebadilisha nyuzi.