Fundi Cheche Aliwahi Kupiga Makofi

Kila asubuhi Fundi Cheche aliwasha mashine yake ya kuchomea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha. Wateja hawakukauka, na watoto wake walikula wakashiba.

Siku moja mheshimiwa diwani aliitisha mkutano. "Wataalamu watajenga darubini kubwa pale kilimani," alisema. "Itasikiliza mawimbi ya redio kutoka kwenye nyota. Ajira zitakuwa tele!"

Fundi Cheche alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Mkewe akamvuta shati.

"Baba watoto, uliza kwanza. Sisi tutapoteza nini?"

"We mama nawe! Neema imebisha hodi, unataka kuihoji?"

Neema gani, masikini! Darubini ilipokamilika, dada mmoja, fundi wa mitambo, alishuka kutoka kilimani.

"Shikamoo, baba. Samahani sana. Mashine yako nayo inatoa mawimbi. Darubini inayasikia hayo, haisikii ya nyota. Karakana itabidi ihame."

"Nihamie wapi? Wateja wangu wote wako hapa!"

Dada akashusha pumzi. "Hayo mlitakiwa kuyauliza mapema, baba. Nani atahamishwa? Atapewa nini? Ajira ni za nani? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya watu wote. Ninyi mlipiga makofi tu, wakaandika kwamba mmekubali."

Fundi alijilaumu mwenyewe, na iliuma kwelikweli.

Baadaye ukaitishwa mkutano mwingine. Sasa ilitakiwa darubini ya pili. Mheshimiwa alimaliza hotuba, akangoja makofi. Fundi Cheche akasimama.

"Mheshimiwa, jirani yangu ana mashine ya kusaga unga. Mkimhamisha, ataenda wapi? Nani atamjengea?"

"Hayo tutayaangalia mbele ya safari."

"Hapana! Tuyaangalie leo."

"Leo! Leo!" watu wakadakia. Mheshimiwa akafuta jasho. Hakuna aliyekubali chochote mpaka majibu yalipoandikwa na kusomwa kwa sauti.

Msagaji alijengewa jengo jipya kabla ya lile la zamani kufungwa. Siku ya kuwasha mashine, alimkumbatia Fundi Cheche.

"Umeniokoa, ndugu yangu! Nikulipe nini mimi?"

Fundi alitazama chini. Karakana yake ilikuwa imeshabomolewa, na kule alikohamishia kazi hakuna mteja aliyemjua.

"Usinilipe kitu," alisema. "Ila nisaidie jambo moja. Umeshapata mtu wa kukubebea magunia?"