Divai ya Bwana Harusi

Walikutana dukani siku ya watu wengi. Fundi wa friji alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji la maziwa, mkono mmoja umebaki njiani, na mshonaji wa nguo za harusi, na gauni lake la manjano na haraka zake, akaukanyaga.

"Dada, huo mkono ndio unaonilisha!"

"Sasa kaka, si ungeingia nao huko ndani?"

Mwezi haukuisha wakawa wanaitana Fundi Baridi na Sindano, simu asubuhi, simu mchana, simu jioni.

Kisha ikaja chupa. Bwana harusi mmoja, mtanashati kweli, alipanuliwa suruali bila malipo akashukuru kwa divai nyekundu. Sindano aliiacha mezani kando ya pasi wiki nzima, akimngoja mpenzi wake waifungue pamoja. Fundi alionja funda moja tu, akakunja uso.

"Siki hii! Na aliyeileta ndivyo alivyo."

"Mteja tu, laazizi."

"Mteja anasema asante, halafu anakwenda zake. Kiuno chake umekipima mara ngapi?"

"Mara tatu. Amenenepa."

"Kumbe unahesabu!"

Ulikuwa wivu mtupu, na wivu hauna masikio. Alibeba begi lake la spana akaondoka. Hasira hasara: siku tano hakupiga simu, chakula hakikupita, na kila mwanamume mwenye suti aliyepishana naye alimwona ni yule yule.

Siku ya sita simu yake ikaita.

"Uko hai?"

"Kidogo."

"Njoo. Ile chupa bado ipo."

"Si umwite mwenyewe aliyeileta."

"Nimekuita wewe."

Alifika na shati jipya, mikunjo ya dukani haijatoka. Sindano, macho yamemvimba, akaitoa chupa kwenye friji.

"Siku ile ilikuwa na joto la pasi, kama uji. Fundi mzima wa friji hukuligundua! Haya, onja tena."

Fundi akanywa. Akanywa tena.

"Vipi?"

"Nzuri. Na hilo ndilo linaloniuma. Nilitaka iwe mbaya."

Sindano alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Siku tano, Fundi. Nilijua umeniacha."

Hapo ndipo Fundi alipoogopa, zaidi kuliko alivyowahi kumwogopa bwana harusi yeyote. Akaiweka bilauri chini.

"Sindano, nikikuoa na wivu wangu huu, utaniweza?"

"Huwezi kuuacha?"

"Nikisema naweza, nitakuwa nakudanganya."

"Basi njoo nao. Gomba, nuna, piga kelele ukitaka. Lakini usininyamazie tena."

"Sitanyamaza."

"Nimekubali." Akajifuta macho kwa kipande cha hariri. "Na mwenye divai, tumwalike?"

Fundi akaichukua bilauri, akaimaliza.

"Mwalike. Akae nyuma kabisa."