Pistoni ya Silinda ya Nne

Nitamsema vibaya shemeji yangu, na sitaomba radhi. Dada yangu aliolewa na mtu anayeuliza bei kabla ya salamu. Ana lori moja tu, lakini anataka aitwe Bosi, na watu wanamwita hivyo ili awaache waende zao. Lori likinguruma vizuri, ni la kwake. Likiharibika, ni la kwangu, kwa sababu mimi ndiye fundi wa dizeli katika ukoo huu, na dada yangu sijui kumkatalia.

Safari hii injini ilikuwa imenoki, yaani imegonga hadi ikafa. Nilipoifungua nikakuta pistoni ya silinda ya nne imepasuka kichwa na kukwaruza laina yake, lile bomba la chuma inamopanda na kushuka, vibaya sana. Pistoni hiyo aliinunua Bosi mwenyewe, kwa mtu anayeuza pia ndala.

"Weka moja tu nyingine," akasema, amesimama mlangoni mwa gereji na kijiti mdomoni. "Hizo tano si nzima?"

"Na dereva ni nani?"

"Kijana wangu, nani mwingine?"

Alisema hivyo kama anayetaja tairi la akiba. Kijana wake ni mpwa wangu, mtu pekee mwenye akili katika nyumba ile. Alikuwa pale pale anaosha vyuma, na mkono wake wa kushoto, anaotumia kwa kila kitu, ulisimama kidogo aliposikia anatajwa. Barabara yao ina mteremko mrefu. Injini ikijifunga pale, na mzigo uko mgongoni, usukani unakuwa jiwe na breki za upepo zinakwisha kabla hujamaliza kona. Pistoni mbaya pale haikuachi barabarani ukisubiri fundi. Inakupeleka korongoni.

"Nabadilisha zote sita, na laina zake," nikamwambia shemeji. "Hutaki, tafuta fundi wa kukuzikia mtoto."

Kijiti kikahama upande wa pili wa mdomo. Akakubali huku amenuna.

Kuna jambo moja mlijue. Kila pistoni ninayoifunga, naikwaruza alama kwa ndani kwa msumari. Wateja ni waongo. Mtu anafungiwa injini kwangu, anaipeleka kwa kanjanja, inakufa, kisha ananiletea vyuma vya kanjanja eti ni kazi yangu. Alama yangu ya zamani ilikuwa msalaba, na matapeli walishaanza kuiiga. Kwa hiyo siku ile nikabuni mpya. Ndoano. Nikaichora kwa chaki juu ya meza ya kazi, mara moja tu, imeangalia kulia. Nikairidhia, nikaifuta kwa kiganja.

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda mtaa wa spea, pistoni iliyopasuka imo mfukoni. Duka la spea haliendewi kwa mdomo mtupu. Unabeba kile cha zamani, la sivyo unauziwa ndoto.

Duka la kwanza, kijana ananukia manukato na hajui pistoni inaingia upande gani. Duka la pili, kila boksi limeandikwa orijino, nikapitisha kidole gumba, wino ukatoka. La tatu, mama mmoja akaniambia ringi hazina haja ya kupimwa, zitajizoesha zenyewe huko ndani. Nikamwambia hata ndoa hazijizoeshi. Nikatoka.

Milango ya chuma ikaanza kushushwa, mmoja baada ya mwingine. Mwisho wa mtaa, kati ya fundi vioo na muuza magodoro, kulikuwa na mlango ambao siku zote nilidhani ni stoo. Ulikuwa wazi.

Nikaingia.

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Haikuwa harufu ya maboksi na grisi. Ilikuwa harufu ya injini iliyozimwa sasa hivi, baada ya kuchemka. Na mahali fulani nyuma ya rafu, chuma kilikuwa kinapoa.

Tik... tik... tik...

Lakini hapakuwa na injini mle ndani.

Muuzaji alikuwa mtu mkavu, amevaa koti la mvua lililofungwa vifungo hadi shingoni, ingawa mvua hatukuwa nayo. Nikataka kufungua mfuko nimwonyeshe pistoni.

"Acha," akanong'ona. "Najua."

Nawachukia wanaojua. Akapanga maboksi kaunta, moja, jingine, hadi yakafika matano. Mahali pa la sita akaweka pistoni iliyotumika. Kichwa chake cheusi, ubavu umeungua na kukwaruzika.

"Hii ndiyo iliyotoka kwenu," akasema.

"Iliyotoka kwetu ninayo hapa mfukoni."

Akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama wateja.

"Hiyo ni ya kwanza."

Nikaichukua ili nimuumbue. Ilikuwa ya moto. Si vuguvugu la kushikwa mkononi... ya moto, kama imechomolewa kwenye kazi. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikachungulia ndani.

Ndoano.

Alama ile ilikuwa na umri wa mchana mmoja. Msumari wangu ulikuwa haujagusa chuma.

Kisha nikaona kitu kikanirudishia pumzi. Ndoano ile iliangalia kushoto. Nikacheka kwa sauti. Wezi wa mji huu hata kuiga hawajui! Nikajiambia kuna mshenzi alinichungulia dirishani akaninakili vibaya. Ndilo jibu nililojipa, na wakati ule lilinitosha.

"Mtumba sitaki," nikamwambia. "Nipe seti kamili."

Hakubishana. Akainama, akaleta boksi la sita. Nikazipima zote palepale, upana kwa maikromita yangu na uzito kwa mizani yake. Hakuna iliyoizidi nyingine. Nikatia ringi ndani ya laina iliyokuja na seti, nikatazama mwanya wake. Sawasawa. Miaka yote ya kazi sijawahi kushika pistoni nzuri kama zile, na iliniudhi kukosa cha kulaumu.

Nikalipa. Nilipovuta maboksi, hayakuja. Mkono wake ulikuwa juu yake.

"Nani ataendesha?"

"Unauza pistoni au unaposa?"

"Nani... ataendesha?"

Chuma nyuma ya rafu kikaacha kulia. Mpwa wangu simtaji mbele ya mtu ninayemdharau, kwa hiyo nikamtaja mtu mwingine ninayemdharau.

"Mwenye gari. Bosi mwenyewe."

"Haya," akasema. "Mwenye gari."

Mkono ukaachia.

Mambo ya uchawi siyaamini. Mtu akiniambia gari lake lina jini, namwambia lina maji kwenye dizeli. Hata hivyo, siku ya kufunga ile injini nilishika msumari, nikaitazama pistoni ya kwanza, na mkono ukagoma. Nikaurudisha msumari mezani. Pistoni zote sita nikaziacha bila alama, nikaenda nyuma kusaga valvu. Mpwa wangu akabaki anazipaka oili. Habari za lile duka sikumwambia. Ningeanzia wapi, mimi niliyezoea kuwacheka wenzangu kwa hadithi kama hizo?

Tukafunga. Ilipowaka, ilinguruma kwa utulivu hata Bosi akakosa neno baya. Wakapakia wakaondoka, mpwa wangu kwenye usukani na baba yake pembeni, maana bahili huyo hakutaka kumlipa utingo.

Alasiri simu ikaita. Mpwa wangu. Walikuwa juu kabisa ya mteremko, pale malori yanapopumzika kabla ya kushuka.

"Mjomba, inavuta hadi raha. Halafu kuna kitu ulisahau, nikakusitiri."

"Kitu gani?"

"Alama. Zote sita hukuziwekea. Nikakuchorea ile ndoano mpya, niliiona ulipoichora mezani."

Nilikaa chini. Sakafuni, kwenye oili.

"Kwa mkono gani?" Nilijua. Niliuliza tu.

"Mkono gani tena, Mjomba? Si huu huu wangu."

Wa kushoto.

"Zima injini," nikasema. "Shuka. Usiliteremshe hilo gari, hata baba yako akikulaani. Umenisikia? Shuka sasa hivi."

Nikasikia mlango ukifunguliwa. Nikasikia miguu yake kwenye kokoto. Kisha nikasikia sauti ya Bosi, kwa mbali. "Huyo fundi wako anaota mchana. Mzigo unasubiriwa. Kama wewe unaogopa, niletee ufunguo."

"Mzuie," nikasema. "Mzuie baba yako!"

Mlango ukabamizwa. Injini ikawaka. Na mimi, kwenye simu, nikaisikia ikipita karibu na mtoto. Chini ya ule mngurumo mzuri kulikuwa na kitu kingine kinagonga.

Koo... koo... koo...

"Mjomba," mpwa wangu akasema. "Baba ameondoka."

Tulimzika. Dada yangu hakuniuliza kitu, na macho yake hayakuniuliza pia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mabaki ya lori yalitolewa korongoni yakaletwa gereji. Niliifungua injini mwenyewe, mpwa wangu akinishikia taa. Pistoni ya kwanza, ndoano imeangalia kushoto. Ya pili. Ya tatu. Ya tano. Ya sita.

Silinda ya nne ilikuwa tupu.

Laina safi. Bloku haina tundu. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haina hata chembe ya alumini. Fimbo ya pistoni ilining'inia mle ndani, haijashika kitu. Mtu wa bima alichungulia, akaandika kwamba imeyeyuka. Na pini ya chuma inayoishika pistoni kwenye fimbo, nayo iliyeyuka? Mjinga na tai yake.

Matanga yalipokwisha, dada akasema lori litengenezwe. Ndilo linalowalisha. Kuhusu dereva hakuna aliyeuliza, maana jibu lilikuwa moja. Nilikataa. Nilikataa tena. Akaniambia, "Kaka, kama una sababu, itaje." Sikuitaja.

Badala yake nilikwenda mtaa wa spea jioni moja, si kununua. Nilikwenda kumtukana yule mtu, kumshika lile koti na kumuuliza ile pistoni ya silinda ya nne aliipataje. Mpwa wangu alinifuata nyuma akitaka kubeba mzigo. Nikamwambia abaki kwa fundi vioo, asisogee.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ile ile. Juu ya kaunta maboksi matano mapya yalikuwa yameshapangwa, na mahali pa la sita pistoni iliyotumika, safi, imefutwa vizuri, tayari.

Tik... tik...

"Sikuja kununua," nikasema.

Akaweka mkono juu ya maboksi.

"Nani ataendesha?"

Mimi sijawahi kukosa jibu. Muulizeni yeyote. Nilitafuta mtu wa kumtaja, mtu yeyote ninayemdharau, na katika mji mzima, na wote walivyo wapumbavu, sikupata hata mmoja wa kumpeleka kule.

Nyuma yangu, mlangoni, mtu akakohoa kidogo. Kisha akajibu kwa adabu, kama mama yake alivyomlea kuwajibu wakubwa.

"Ni mimi, mzee."

Mkono ukaachia.