Kiu ya Ndani ya Friza

Siku ya nne mfululizo friza lilipokataa kutoa barafu, nesi alimwita fundi. Baba mkwe wake alikuwa hapati usingizi mpaka miguu yake iliyovimba ikandwe kwa barafu, na mama mkwe alikuwa ameanza kukataa kuingia jikoni.

Fundi alijiita Bingwa. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

"Chujio nimebadilisha," nesi alimweleza. "Bomba liko wazi, maji yanaingia. Ila kila nikifungua, trei ni kavu."

"Dada, wewe dunga watu sindano. Mashine tuachie wenyewe."

"Kuna mtu anakunywa humo," mama mkwe alinong'ona kutoka mlangoni.

Bingwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi mtilieni na sukari, mama!"

Akapima baridi, iko sawa. Akafungua maji, trei ikajaa mbele ya macho yake. Akafunga mlango, akasubiri huku akipiga mluzi.

Ndani ya friza kukasikika mmezo. Halafu mwingine. Mmezo mzito wa koo pana, usio na haraka.

Mluzi ukakatika. Alipofungua, trei ilikuwa kavu kama iliyofutwa kwa kitambaa, na harufu ya tope la kisima kilichofukiwa ikampanda puani.

"Inavuja tu," alisema. Akapapasa chini. Pakavu.

Nesi alimtazama. Basi, kwa kuwa aibu mbele ya wanawake ilizidi woga wake, Bingwa akaingiza mkono nyuma ya mashine ya barafu, akapapasa bomba, akapapasa ukuta, akafika pale ukuta ulipopaswa kumzuia nao haukumzuia, na huko mbali, mbali kuliko kina cha friza lenyewe, midomo yenye joto ikafumba vidole vyake viwili na kuanza kunyonya.

Alipiga yowe. Nesi akamkumbatia kiunoni, akavuta. Mama mkwe akaja mbio akisoma dua.

"Mwachie!" akafokea friza. "Siku zote hizi unakunywa maji ya mgonjwa, huna hata haya? Toka nyumbani kwetu!"

Kisha sauti ikatoka ndani, kavu, ya mtu aliyekinai.

"Maji yenyewe mabaya. Huyu atanitosha."

Mkono ukachomoka. Vidole viwili vilikuwa vimesinyaa kama vya maiti. Bingwa akatimka, mabegi na vyombo vyote akaviacha.

Jioni ile barafu ikaanza kuanguka kwenye trei, vipande safi. Mzee akakandwa, akalala.

Siku ya tatu asubuhi hodi ikapigwa. Mama mkwe akafungua. Alikuwa Bingwa, nguo zinamning'inia, midomo imepasuka.

"Mama, nisamehe," alisema kwa unyonge. "Nakunywa ndoo nzima na kiu iko palepale. Nasikia maji yanamezwa, lakini siyo mimi ninayemeza."

"Na sasa hivi?"

Akajigusa koo. Uso ukamchangamka.

"Sasa hivi imekata! Nilipokanyaga tu hapa mlangoni, imekata. Dua yako kiboko, mama."

Mama mkwe alikuwa anatazama sakafu. Bingwa alikuwa amevaa viatu, na viatu vyake vilikuwa vikavu. Kando yake palikuwa na nyayo za maji, za miguu peku, mbichi. Zilikuwa zimeshampita, zimeshavuka kizingiti, na ya mwisho ilikuwa nyuma yake yeye mama, ndani.