Aliyebisha kwenye Ruta

Haya hayakunipata mimi. Mimi ningeshakimbia na kuacha viatu. Yalimpata rafiki yangu kinyozi, mtu wa wivu kiasi kwamba ukimsalimia mkewe mara mbili anakunyoa upara.

Kwenye kumbukumbu za ruta yake, kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani, aliona kwamba kila siku saa tisa alasiri, yeye akiwa kazini, kuna mtu wa nje anajaribu kuingia kwenye mtandao wa nyumbani. Akanipigia.

"Kaka, mke wangu ana mtu."

"Hao ni wahuni wa mtandaoni, wanabisha hodi kwa kila mtu. Hata kwangu, na sina cha kuibiwa."

"Kila siku saa tisa? Nielekeze nimfungie."

Nikamwelekeza aweke amri: wa nje wote wakataliwe.

Jumamosi alifunga duka mapema, akaingia kimyakimya na kukaa sebuleni, macho kwenye simu, akifuatilia kumbukumbu za ruta. Mkewe alikuwa amelala chumbani. Saa tisa ikaandikwa: imekataliwa. Ikaandikwa tena na tena, mara arobaini, naye akawa anacheka peke yake. Kisha wingu zito la mvua likatanda, umeme ukakatika, nyumba ikawa giza na taa za ruta zikazimika zote. Akashusha pumzi. Sasa huyo mtu angepitia wapi?

Ruta ikalia, tik. Taa moja ya kijani ikawaka, umeme ukiwa bado haujarudi.

Chumbani akasikia sauti ya mkewe, nzito kwa usingizi, na tamu kuliko alivyowahi kuisikia: "Leo umechelewa. Na mbona mikono yako ina baridi hivi?"