Kumbikumbi wa Mwishehe

Bartolomeo wa Gwata alikuwa mtunza lango la bwawa la wakulima wa mpunga, na kazi yake ilikuwa na sheria moja kubwa: kabla ya kufungulia maji, gonga rimu mara tatu. Rimu hiyo ya lori ilitundikwa kwenye mkwaju kando ya lango. Wavuvi waliosimama mtoni wakiisikia, wanatoka mbio. Hata watoto walilijua hilo.

Mvuvi hodari kuliko wote alikuwa Mwishehe. Wenzake walivulia minyoo. Yeye alifunga manyoya ya jogoo mwekundu kwenye ndoano kwa nyuzi za kanga ya buluu ya mkewe, Hamisa, ikafanana na kumbikumbi hasa. Vuli, kumbikumbi wa kweli walipotoka ardhini na samaki kupanda juu kuwadaka, alijaza kapu kabla jua halijawa kali. Hata kiangazi, maji yakiwa haba, hakukosa kitoweo. Bartolomeo alivua pale pale, akarudi na vidagaa. Wivu ukamla.

Masika yaliyopita, mchana kweupe, alimwona Mwishehe katikati ya mto, maji kiunoni, amempa mgongo. Akafungua lango. Rimu hakuigusa.

Kwa watu alisema aligonga, ila marehemu alikuwa mzito wa masikio. Tukaamini, tukazika.

Arobaini ilipopita, Hamisa alimfuata langoni.

"Shemeji, siku ile nilikuwa nafua pale chini. Sikusikia rimu."

"Ulikuwa mbali, shemeji."

"Sikudai kitu. Simama mbele ya watu useme kweli, basi." Akashusha sauti. "Usiposema, wewe na marehemu mtamalizana wenyewe. Mimi nimeshamwachia."

Bartolomeo akacheka. Hamisa akarudi nyumbani, akautundika ufito wa kuvulia wa mumewe juu ya mlango.

Vuli ikaingia. Bartolomeo akaenda kwenye kina cha Mwishehe na minyoo yake, akapata perege mnene. Alipompasua, tumboni alikuta ndoano yenye manyoya mekundu na uzi wa buluu. Akajisemea ni masalia ya marehemu. Kesho yake akapata mwingine, naye ana ndoano. Wa tatu alimpasua pale pale ukingoni.

Manyoya yalikuwa makavu.

Angeweza kusema. Kanisa liko karibu, mwenyekiti wa kijiji yuko karibu, Hamisa mwenyewe yupo. Lakini mtu huyu alikuwa na kiburi cha punda. "Maiti hanifukuzi mtoni," alisema. Siku iliyofuata alilifunga lango kwa mnyororo na kufuli, akalitikisa mara mbili, akauvaa ufunguo shingoni kwa kamba. Akaingia mtoni saa saba mchana.

Maji yalikuwa kiunoni. Ndege walinyamaza. Kumbikumbi mmoja akatua begani kwake. Akamtazama.

Kumbikumbi huyo alikuwa amefungwa uzi wa buluu kiunoni.

"Nisamehe," Bartolomeo alinong'ona. "Nitasema. Leo leo nitasema."

 Kisha kamba ya ufunguo ikavutwa shingoni mwake, taratibu, kama mvuvi anavyopima uzito wa samaki. Akaishika. Ikakaza. Ikakatika. Nyuma yake maji yakanguruma.

Rimu haikulia.

Jioni tulimkuta amenasa kwenye matete, mdomo wazi, ndoano yenye manyoya mekundu imemkaa kooni. Tulipanda hadi langoni. Kufuli lilikuwa mahali pake, mnyororo mkavu, na bwawa halikupungua hata kidogo. Nasema ukweli, pale Gwata waliomlilia ni wachache.

Tulikwenda kumpa Hamisa habari. Tulimkuta jikoni anasonga ugali, hakushtuka. "Kwa hiyo wamemalizana," alisema, akaendelea kusonga.

Tulipokuwa tunatoka, tone likaniangukia usoni. Nikatazama juu ya mlango. Ufito wa Mwishehe ulikuwa umetundikwa pale pale tangu arobaini, na sasa ulikuwa unachuruzika maji ya mto. Kwenye ndoano yake ulining'inia ufunguo wa lango.