Kamati ya Ufundi Nilikuwa Mimi, Jicho Lilikuwa la Hamadi

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na moja, baba wa watoto wawili, naishi Peckham. Haya nitakayoyasema hata mke wangu hayajui...

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa nahodha wa timu ya mpira ya chuo chetu hapa London. Golini alisimama Hamadi, mtoto wa mama yangu mdogo. Tumelelewa nyumba moja, ananiita kaka.

Msimu ule tulifungwa, jamani, mpaka tukaona haya kuingia kantini! Siku moja Hamadi akapigwa na mpira usoni. Tangu hapo kila mpira wa kushoto ni goli. Akaniambia anaona kama pazia jeusi linamshukia jichoni. Kocha akamwambia aende hospitali haraka.

Na mimi? Nilicheka! Nikamwambia, "Hamadi bwana, hapo umechezewa. Daktari wa Kizungu atalijulia wapi hilo?"

Kwetu timu ikifungwa mfululizo, kamati ya ufundi hutafuta mganga. Basi nikajifanya kamati nzima peke yangu! Nikampeleka kwa mganga mmoja nyuma ya saluni ya nywele. Akampa dawa ya kunawia macho, na sharti: asiguswe na daktari mpaka mechi ya mwisho, la sivyo dawa itavunjika.

"Kaka, pazia linazidi," Hamadi alinambia.

Nikamfokea. Anataka kutuangusha?

Mechi ya mwisho tulifungwa saba. Hamadi alidaka hewa, akakaa chini golini akalia. Jicho la kushoto lilikuwa giza tupu. Hospitali walituambia angewahi, lingeokolewa.

Lingeokolewa! Kwa nini sikumwacha aende?

Hamadi hakunitaja. Alimwambia mama yake ni mpira tu. Mpaka leo, kila sikukuu, mama mdogo hunipakulia mimi kwanza, akinishukuru kwa kumtunza mwanawe. Hamadi hugeuza shingo nzima ndipo anione. Nami nakula pilau ile... nakula!

Ligi yenyewe nani anaikumbuka? Ndugu zangu, mwenzako akikwambia haoni vizuri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimfanyie uganga kwa jicho lisilo lako!

Sikukuu ijayo nitamwambia mama mdogo yote, kabla sijagusa sahani. Akininyima chakula, ni haki yake.